Mtaimbo wa Kichwani

Shimo lilikuwa jembamba, la kuingia mkono mpaka kiwiko, na udongo wa ukingoni ulikuwa bado mbichi. Mjane alipiga goti kichwani mwa kaburi la mumewe akalitazama. Jana mtaimbo ulikuwepo.

Ndivyo walivyozikana wachimbaji: aliyefukiwa na kilima aliwekewa mtaimbo wake kichwani, ncha juu. Kilima chenyewe walikiita Mkwe, maana ukikiingia bila adabu hakikusamehe. Adabu marehemu alikuwa nayo. Mbao za kuzuia mwamba ndizo kampuni haikuwa nazo.

Halafu kiwanda cha chuma cha kampuni hiyo kikamwacha Mkwe. Mawe ya chuma yakaanza kuja kwa meli kutoka ng'ambo, mazuri zaidi, rahisi zaidi. Meneja akaja kuwatuliza: hakuna aliyefukuzwa, ila kilima tu ndicho kilichostaafu. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Meli nazo zilipopanda bei, kiwanda kikageukia chuma chakavu, kikakinunua kwa kilo, na waliokuwa wakichimba kilima wakaanza kuchimba nyumba zao. Vitanda vilitangulia, mabati yakafuata, kisha milango. Mji mzima ulilala wazi na hakuna mwizi aliyejisumbua. Angeiba nini?

Mjane hakupitia nyumbani. Langoni mwa kiwanda alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, mbele kabisa ya foleni. Mtaimbo ulikuwa umeshalazwa juu ya bamba la mizani. Aliujua kwa ule mpindo ulioupata siku mwamba ulipoanguka.

"Umemfukua kaka yako," alisema.

"Sijamgusa, shemeji." Hakumtazama. "Watoto hawajala. Wako na wangu. Alipokuwa hai alitulisha kwa chuma hikihiki."

Mjane akampa mgongo. Akamgeukia mpimaji, aliyeitwa Nyongeza kwa kuwa hakuwahi kumpa mtu yeyote nyongeza, akamweleza kwa upole kwamba chuma hicho ni cha kaburini, kimechukuliwa kwa makosa. Nyongeza alimsikiliza mpaka mwisho, akichokonoa meno.

"Mama, kaburi lina risiti?"

Mjane akainama, akaushika mtaimbo kwa mikono miwili.

"Achia, ama nikupime na wewe."

Foleni ikacheka. Wachache tu hawakucheka, wale waliobeba magunia marefu, membamba. Wao walitazama miguu yao.

Mjane akapanda. Akasimama katikati ya bamba, miguu peku, mtaimbo kifuani. Juu yao kreni iliguna, na sumaku yake ya kunyanyulia chuma ikaanza kushuka na vumbi lake. Nyongeza akatukana, akageuka kumpigia mwendesha kreni kelele asimamishe.

Mshale wa mizani ulikuwa ukipanda. Ulipita pale ulipofikishwa na mtaimbo peke yake, ukaendelea.

Shemeji mtu aliuona. Akamwangalia Nyongeza, mgongo bado umegeuka. Akamsogelea mjane kama anayekuja kumsihi, akanong'ona:

"Usishuke kwanza, shemeji."