Koo Lililosafishwa

Mama anafuga kuku. Vifaranga wake walikuwa wanapotea, na kwenye mti wa nyuma ya banda kulikuwa na kiota cha mwewe. Kwa mama, kila chenye kucha kinachoruka ni mwewe, na kila mwewe ni mwizi. Mimi kazi yangu ya makumbusho ndiyo hiyo: kuangalia picha za ndege walio hewani na kusema huyu ni nani. Nikamweleza kwenye simu kwamba wapo wawili wanaofanana, wote kijivu, wote kifua cha milia. Mmoja anabeba vifaranga. Mwingine ni wa mijusi na panzi, hana habari na kuku wa mtu, na ana mstari mmoja mweusi katikati ya koo jeupe.

"Ukiuona huo mstari, mwache. Na mti usiguswe mpaka niseme."

Shemeji, mume wa dada yangu, ana studio ya picha za harusi. Akajitolea kwenda kumpiga picha ndege wa kiota kile. Mkwe mwema huyo, jamani!

Picha ikanifikia ofisini. Ndege kakunjua mabawa, unyoya mmoja mmoja unaonekana, na koo jeupe pe. Jeupe mno. Jua lilikuwa mgongoni kwake, lakini kooni hakuna hata kivuli. Picha hii imechezewa. Nikatoka bila kuaga mtu mpaka studio.

"Hii picha umeifanya nini?"

"Si imetulia, shemeji?"

"Nimekuuliza umeifanya nini!"

"Nimemsafisha kidogo tu. Alikuwa na uchafu hapa kooni, kama masizi. Nikautoa."

Uchafu! Mtu kazoea kufuta chunusi za mabibi harusi mpaka akiona alama yoyote mkono unamwasha. Nilitamani nimfute yeye. Nikamwamuru afungue picha ya mwanzo, akafungua huku anachekacheka. Mstari ule pale, mweusi tii.

"Mama umemtumia ipi?"

Kicheko kikamkauka. "Hii nzuri."

Nikapiga simu. Mama akapokea huku anahema.

"Umechelewa, mwanangu. Nimeangalia mwenyewe, mstari hana. Mti tumeshauangusha."

"Mama, mstari anao. Shemeji kaufuta."

Nyuma ya mama nilisikia ndege analia, anazunguka, analia tena.

"Kinda mmoja kafa," alisema. "Mwingine ninaye mkononi, anapanua mdomo. Huyu anakula nini?"

"Mijusi, mama."

"Vifaranga wangu je?"

"Hajawahi kuwagusa."

Sauti yake ikageuka. Sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mkwe wake. "Mpe simu huyo fundi wa usafi."

Nikamnyooshea. Shemeji akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mwambie nina mteja," akanong'ona.

Studio nzima tulikuwa wawili. Nikabonyeza spika, nikaongeza sauti hadi mwisho.

"Sema, mama. Anakusikia."