Sita Jumlisha Sufuri

Mwalimu Ishmael alistaafu, lakini kalamu yake nyekundu haikustaafu. Ilikaa mfukoni mwa shati kama siku zile za shule, tayari wakati wowote. Akiletewa kadi ya harusi aliisahihisha kwanza, ndipo akaangalia tarehe. Matangazo ya kanisa aliyasahihisha akiwa amekaa palepale kwenye benchi, mke wake Teresia akimvuta shati. Watu wa Kanyakine walimzoea.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshinda maisha yake yote: maandishi ya madaktari. Na maandishi hayo hayakuwa mbali naye. Mgonjwa wa huko huenda hospitali na daftari lake mwenyewe, lile la kurasa thelathini na mbili la kununua dukani. Daktari huandika humo, na daftari hurudi nyumbani na mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na rundo lake juu ya kabati, na Mwalimu hakuweza kusoma hata moja.

Kwa hiyo kitinda mimba wake, Kathure, alipoingia chuo cha uuguzi, mzee alifurahi mara mbili. Likizo ya kwanza hakumpa hata siku ya kupumzika. Alishusha rundo lote mezani, akapiga mstari wa pambizo kwenye daftari lake jipya, akasema, "Haya, daktari. Anza."

Kathure alikuwa msichana wa haya, wa kujibu darasani akiitwa jina tu. Lakini siku ile ulimi wake ulifunguka. Alimwonyesha baba yake kwamba c/o ni mgonjwa analalamikia. Kwamba 3/7 si hesabu ya sehemu bali ni siku tatu, 3/52 ni wiki tatu, na 3/12 ni miezi mitatu. Kwamba BD ni dawa mara mbili kwa siku, na TDS mara tatu. Mzee aliandika kila kitu, akikariri kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili.

Halafu wakafika kwenye kitabu cha kliniki cha Nelius, mke wa kaka yake Mwiti. Kilisema Para 2+1. Kathure akaeleza kwa fahari: namba ya kwanza ni mimba zilizofika wakati wake na mama akazaa, namba ya baada ya jumlisha ni zilizoharibika mapema. Alipomaliza, Nelius aliinuka akasema anaenda kuangalia moto. Moto ulikuwa hauna shida yoyote. Nyumbani pale hakuna aliyewahi kusikia habari ya mimba iliyoharibika. Kathure aliona aibu hadi likizo ikaisha. Mwalimu Ishmael, yeye, alikuwa ameinama anaandika: Para, waliozaliwa jumlisha walioharibika. Mfano, Nelius.

Likizo ya Aprili Kathure alimkuta mama yake amevimba tumbo upande mmoja, anatembea ameshika ukuta. Akampeleka hospitali. Kathure alipokuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo, mama aliitwa ndani peke yake. Alitoka na daftari lake na habari kwamba ana uvimbe kwenye kizazi, utaondolewa baada ya wiki mbili, na siku hiyo asije bila daftari hilo.

Wakakaa kwenye benchi kungoja dawa. Kathure akafungua ukurasa, akausoma mstari kwa mstari, mpaka akafika mahali palipoandikwa Para 6+0. Akahesabu: Mwiti, dada zake watatu, na yeye. Watano. Akacheka, akamwambia mama yake kwamba daktari alikuwa amechoka.

Mama hakucheka.

"Aliniuliza nimezaa mara ngapi," akasema. "Ugonjwa haudanganywi. Nikamwambia sita."

"Wa sita ni nani, Mama?"

"Si wa sita. Ni wa kwanza."

Akamwambia polepole, akiangalia dirisha la dawa. Ni Munyi. Munyi wa Ishiara, aliyewaletea gunia la ndengu kila baada ya mavuno, ambaye wao wote walimwita mjomba. Teresia alimzaa akiwa na miaka kumi na saba. Mama yake mzazi akamchukua mtoto, akamlea kama wa tumbo lake, na mwalimu kijana kutoka Meru alipohamishiwa shule ya kule na kumposa Teresia, neno hilo lilikuwa limeshafukiwa. Miaka thelathini na nne halikufukuliwa.

"Nilijua yale maandishi ni ya madaktari peke yao," mama akasema. "Sikujua baba yako atafundishwa. Na wewe."

Njiani kurudi Kathure alitafuta mlango wa kutokea na kila alipogusa palikuwa ukuta. Kuchana ukurasa? Daftari lile limebanwa katikati. Ukichana jani moja mwenzake analegea, na baba yake amekagua madaftari ya watoto miaka thelathini. Kulipoteza? Bila daftari hakuna upasuaji. Kugeuza sita iwe tano? Wiki ya kwanza chuoni walifundishwa kwamba anayefuta kilichoandikwa kwenye daftari la mgonjwa avue sare aende zake. Na kueleza upya kwamba Para ina maana nyingine haikuwezekana, maana maana aliitoa mwenyewe, na ilikuwa kwa wino katika daftari la mzee, pamoja na mfano.

Kabla ya kuingia getini mama alimshika mkono. "Sema daktari amekosea," akamwomba. "Hilo tu."

Jumapili baada ya kanisa walikula chapati kwa ndengu. Vyombo vilipoondolewa, Mwalimu Ishmael alivaa miwani, akaweka madaftari mawili mbele yake, la mkewe na lake, akakataa kusaidiwa. Kidole kilitembea chini ya mstari. Analalamikia. Maumivu. Kikasimama kwenye 3/12.

"Miezi mitatu, Mama Mwiti?" akauliza, na sauti ikapungua. "Umeumia miezi mitatu na mimi niko hapa hapa?"

"Niliona ni uzee, Mwalimu."

Alimtazama kidogo, akarudi kwenye ukurasa. Kathure alihesabu mistari iliyobaki. Minne. Miwili.

"Para," mzee akasoma, akafunua daftari lake kuhakikisha. Akaanza kucheka. "Sita jumlisha sufuri! Daktari, huyu mwenzako amenipa mtoto nisiyemjua."

Nelius akacheka mlangoni. Mama alikuwa anakunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Amekosea, Baba," Kathure akasema.

Neno lilitoka jepesi kuliko alivyoogopa. Lakini mzee aliacha kucheka. Akasema kwamba mtu asiyeweza kuhesabu hadi tano hawezi kupewa kisu. Kwamba kesho asubuhi atakwenda mwenyewe amwone huyo daktari ana kwa ana. Kathure akajisikia kama mbuzi aliyejizungushia kamba mtini, kila akizunguka inazidi kuwa fupi. Akamsihi baba yake: ni kosa dogo, madaktari wana wagonjwa wengi, akigombezwa Mama atapangiwa siku ya mbali.

Mzee akafikiri. "Basi tusimsumbue," akasema. "Tutamsaidia."

Akatoa kalamu nyekundu. Akaweka ukingo wa kitabu cha nyimbo juu ya mstari ili mkono usipinde, akaikata ile sita kwa mkwaju mmoja ulionyooka, akaandika tano juu yake na kutia sahihi pembeni, kama alivyofanya kwenye rejista mtoto alipohama shule. Kathure hakutazama kalamu. Alimtazama mama yake, na mama alikuwa anatazama wino ukikauka.

"Mwalimu," mama akasema.

"Naam."

"Huyo uliyemkata anaitwa Munyi."

Nelius alitoka mlangoni bila kuambiwa. Mzee hakuuliza ni Munyi yupi. Alivua miwani, akaivaa tena, akamtazama mkewe kwa muda mrefu, halafu akamgeukia Kathure, na huko akakaa zaidi.

"Wewe ulijua," akasema.

Kathure aliinamisha macho kwenye ile tano.

Mzee akamsukumia daftari la hospitali mezani, na kalamu juu yake. "Sahihisha," akasema. "Ni wewe uliyeniambia amekosea." Akainuka, akatoka kuelekea zizini, kofia yake ikabaki kwenye msumari, na hawakujua angerudi na neno gani.

Kalamu ilikuwa bado na joto la mkono wake. Kathure aliishika, akaona nafasi iliyobaki pembeni ya tano, ndogo, ya tarakimu moja. Akasema labda amngoje Baba arudi kwanza.

Mama akavuta kiti, akakaa karibu naye, akiwa amelishika tumbo.

"Andika," akasema. "Na uandike isomeke."