Mwalimu Pasi na Swali Lake Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeandikishwa chuoni kusoma mantiki, somo la kufikiri sawasawa. Mimi niliishia darasa la saba, na chuoni huwa naenda kuchukua nguo za wanafunzi nikazifue. Lakini ndotoni jina langu liko kwenye orodha, tena la kwanza. Kwa hiyo naingia, naketi.

"Polepole," kiti kinasema. "Mgongo."

"Samahani."

"Usijali. Mimi ni Ngwatura. Nilifeli mwaka juzi. Humu anayefeli mtihani anakuwa kiti."

Nageuka kuangalia. Viti ni vingi mno. Wanafunzi tumebaki watatu.

Mwalimu anaingia. Ni pasi ya mkaa, inafuka moshi. Tunasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kaeni. Kila mwenye miguu minne hulala zizini. Meza ina miguu minne. Kwa hiyo?"

Meza inaanza kulia. Inatuaga mmoja mmoja, inatoka. Mwalimu anasema hoja ikienda na sisi twende, na mara darasa zima liko zizini, tumekanyaga samadi. Ng'ombe mmoja anasogea kuipisha meza ilale.

"Mwalimu," nauliza, "je, kama ile kauli ya kwanza haikuwa kweli?"

"Ungeuliza kabla meza haijasinzia. Sasa mtihani. Swali ni moja tu: habari za nyumbani?"

Kilumanga, mwanafunzi mwenye tai, anawahi. "Nzuri, Mwalimu. Ila jiko limeungua, na bibi amevunjika mguu."

"Nzuri, na jiko limeungua?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Anakuwa kiti. Tai inabaki inaning'inia kwenye egemeo.

Wa pili ni dada mmoja, Sikudhani. Yeye amejifunza kwa mwenzake. "Mbaya, Mwalimu! Mbaya kabisa!"

"Mdogo wako hakujifungua juzi? Mapacha?"

"Eeh, amejifungua salama, wazuri hao!"

Anakuwa stuli.

Zamu yangu. Nahisi visigino vinakauka, vinakuwa mbao. Nyumbani tuko wawili, mimi na shangazi Zawena aliyenilea. Nikiwa kiti, nani atamchotea maji? Nayatazama makaa tumboni mwa Mwalimu. Mbao inapanda, imefika magotini.

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui kwenu?"

"Kwetu nakujua. Habari za huko ndiyo sizijui. Asiyekuwapo hajaona. Mimi niko zizini, nyumbani sipo. Kwa hiyo sijaona."

Majivu yanadondoka. Ng'ombe anatikisa kichwa kukubali, meza inakoroma.

"Imenyooka," Mwalimu anasema, kwa uchungu kidogo. "Haina hata mkunjo. Basi nenda kaangalie. Jibu nitapita mwenyewe kulichukua."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nikaminya visigino: nyama tupu. Nikacheka peke yangu, nikatoka uani. Shangazi alikuwa amekaa chini anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtoto unalala wewe! Mpaka wageni wanakuja wanaondoka."

"Mgeni gani?"

"Sijui ni nani, kapita hapo dirishani. Sikumwona vizuri kwa moshi wake. Hakutaka hata kukaribia. Kauliza tu habari za nyumbani."

Nikashika ukuta. "Ukamjibuje?"

"Wee naye! Watu wanajibuje? Nzuri, nikamwambia, ila paa linavuja na jogoo anakohoa." Akaweka ungo chini, akajaribu kuinuka. Goti likalia kwiii, kama mlango. Akajaribu tena. "Sasa hili goti nalo, tangu ameondoka limekaza."

"Ameelekea wapi, shangazi?"

"Kwa majirani. Lakini funga kanga vizuri kwanza, utaaibika!"

Sikufunga. Nilikuwa nimeshafika njiani, nakimbia kuufuata moshi, napiga kelele mpaka majirani wakatoka nje: "Mwalimu! Jibu hilo lisihesabiwe! Shangazi hajaandikishwa!"