Jua la Salafai

Kengele ya sala ya jioni kijijini kwetu, magharibi mwa kisiwa cha Savai'i, ni mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa mbele ya kanisa. Jumamosi ile uligongwa saa kumi na mbili na robo, kama kawaida. Vijana wakasimama barabarani kuzuia wapita njia, kila nyumba ikaanza wimbo, na jua likazama baharini. Kwa Salafai halikuzama. Lilisimama kidole kimoja juu ya maji, likamulika nguzo za nyumba yake isiyo na kuta na kuku wake watatu, ambao hawakujua wapande mtini saa ngapi. Nje ya ua wake wa mawe kulikuwa giza.

Hakuna aliyeuliza sababu. Asubuhi ya siku ile tulikuwa tumezindua kanisa jipya, na mkeka wa heshima, zawadi kwa mchungaji, ukapitishwa mbele ya watu, mwororo kama kitambaa, manyoya mekundu pindoni. Salafai aliusuka miaka mitatu. Alichana majani ya mkadi mpaka yakawa nyuzi, na mgongo wake haujanyooka tena. Mdogo wake Telesia, mke wa shemasi, alishika pembe ya mbele siku hiyo moja tu, kwa sababu ana gauni zuri na anajua kutembea. Msemaji akatangaza, "Mkeka wa Telesia." Wanawake wakapiga vigelegele. Telesia hakusema si wangu. Alitabasamu, akakaribishwa kuketi ubavuni kwa mke wa mchungaji. Salafai, nyuma kabisa karibu na masufuria, alishikwa na kijiba cha roho. Alikionea wivu kile kiti, akalionea lile gauni, akayaonea hata yale meno. Sisi tuliojua tulikula nguruwe wetu tukanyamaza.

Mchungaji ametufundisha miaka yote kwamba hasira ina ruhusa ya kukaa mpaka machweo tu. Kwa hiyo jua lilikuwa linamsubiri Salafai amalize. Asubuhi lilikwenda kuchomoza kwa watu wote, na jioni likarudi kusimama palepale.

Jumatano mchungaji mwenyewe alifika, kofia imeshushwa machoni.

"Mama Salafai, jua la watu linachoka. Samehe lipumzike."

"Kwani nani kaniomba msamaha?"

"Tusisubiri kuombwa, mama."

"Sawa. Wewe sema kanisani mkeka ni wangu. Neno moja tu, mchungaji, na leo hii nalala gizani."

Mchungaji akawatazama kuku. Mkeka ulikuwa umelazwa nyumbani kwake, chini ya godoro lake, kama tunavyoihifadhi mikeka ya heshima. "Shemasi ataaibika," alisema. "Na jina ni jambo dogo mbele za Mungu."

"Kama ni dogo, litaje."

Mchungaji akasali, akala magimbi yake kwa tui, akavuka ua na kuwasha tochi.

Salafai alijaribu, tusimsingizie. Alipiga magoti akasema kwa sauti, "Nimemsamehe Telesia." Jua likashuka, likagusa maji. Kisha akakikumbuka kile kiti. Jua likapanda tena mahali pake.

Wiki ya pili wanawake wakaanza kuja na misuko yao baada ya sala. Mwanga ulikuwa wa bure na mbu hawakuupenda. "Afadhali hasira yako, mama, kuliko taa yangu," alisema jirani yake Fiasili, na wote wakacheka. Salafai naye alicheka kidogo.

Wiki ya tatu akaja Telesia. Akaketi upande wa bahari, penye mwanga mzuri kuliko kote.

"Dada, kwani bado umenuna?"

"Nimenuna."

"Mwenzio nimekuletea ndizi."

"Ziweke hapo."

"Basi nami nisuke kidogo. Kwangu hakuonekani."

Uso mkavu wa namna hiyo sijauona kwingine. Akaanza mkeka, pindo likaenda upande. Salafai akatazama, akageuka, akatazama tena. Mwisho uzalendo ukamshinda. Akasogea, akafumua, akasuka pindo upya. "Vuta huu," alisema, "siyo huo." Kesho yake akafumua tena. Mwaka ulipokwisha, kwa mwanga wa kila usiku, mkeka wa Telesia ulikuwa umetoka mikononi mwa Salafai karibu wote, maana hasira yake ilivumilia mengi lakini haikuvumilia pindo lililopinda.

Ukapitishwa Jumapili ya kumpokea mgeni kutoka mji mkuu, Apia. Salafai alivaa nguo nyeupe, akakaa mstari wa tatu, akanyoosha shingo. Alikuwa anangoja jina lake, na kila mtu alijua. Msemaji akatangaza mkeka wa pili wa Telesia, na akaishukuru nyumba ya shemasi kwa mwanga wa kusukia. Kisha mchungaji akahubiri juu ya hasira, vizuri sana, na kanisa zima likageuka kumtazama Salafai.

Jioni mtungi ukagongwa. Jua likazama kwetu, likasimama kwake. Salafai akashusha pazia la makuti upande wa bahari, akajilaza kifudifudi, roho inamuuma. Wanawake wakaingia mmoja mmoja na nyuzi zao, wakakaa mahali pao pa siku zote.

"Dada," Telesia akasema, "pandisha pazia basi, hatuoni."

Salafai akainuka, akalipandisha.