Kumwagilia Misuli

Mafundi ujenzi wana ugonjwa mmoja: wakishalijua zege, wanadhani wameijua dunia nzima. Zungumza nao habari za ndoa, watakutolea mfano wa msingi. Zungumza nao habari za kulea watoto, watakueleza mambo ya nondo. Kwa hiyo Pimamaji alipovunjika mguu, mfupa ukaunga lakini paja likabaki limenyauka kama la kuazima, haikuwa ajabu kwamba wenzake walimtafutia tiba humohumo kwenye mchanga na saruji. Ajabu ni kwamba yeye, mtu mzima na akili zake, aliwasikiliza.

Jina la Pimamaji, kile kifaa cha kupimia unyoofu wa ukuta, alipewa kwa sababu ya jicho lake. Alikuwa na uwezo wa kusimama mbali na ukuta, akafumba jicho moja, akasema, "Huu umelewa," na ukipimwa unakutwa umelewa kweli. Kwenye kila jengo yeye ndiye aliyepewa kona, na kona ndiyo heshima ya fundi wa matofali, maana ikienda upande, ukuta mzima unaifuata. Kisha asubuhi moja ubao wa jukwaa ulimteleza, naye akafika chini kabla ya mwiko wake.

Plasta ilipokatwa, alikabidhiwa kwa dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, binti mwembamba asiyekuwa na muda wa kubembeleza watu. Alimfundisha kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi na kushuka, kunyanyua mguu ukiwa umenyooka hadi utetemeke.

"Sasa nisikilize vizuri, baba," alimwambia. "Misuli haijengeki wakati unafanya mazoezi. Wakati huo unaichosha tu. Inajengeka baadaye, ukila vizuri na ukilala. Kwa hiyo ukimaliza, kunywa maji, kula, pumzika. Bia uiache kwanza. Inakukausha mwili, inakuharibia usingizi, na hiyo kazi ya misuli kujijenga inazorota."

"Hata moja?"

"Moja haitakuua. Lakini wanaoniuliza habari za moja, sijawahi kuona mmoja wao akanywa moja."

Pimamaji alicheka sana, na dada hakucheka hata kidogo.

Msimamizi wa ujenzi naye hakumficha kitu. Alimpenda Pimamaji, lakini alilipenda zaidi jengo lake. "Nakushikia kona," alisema. "Jengo jipya likifika ghorofa ya kwanza, utakuja upande jukwaa na karai la zege mbele yangu. Ukifika juu, mahali pako ni palepale. Usipofika, nitakupa kazi ya geti. Sitaki mtu aniangukie mara mbili."

Kazi ya geti! Pimamaji alilirudia neno hilo njia nzima hadi nyumbani. Alijiona ameketi kwenye stuli, anawafungulia malori, anawatazama wenzake migongo tu wakipanda. Alimwapia mkewe, Mama Pacha, kwamba afadhali afe kuliko kushika funguo za geti. Mama Pacha akamwambia aache kuapa, achuchumae.

Akachuchumaa. Tumpe haki yake: alifunga kibwebwe kwelikweli. Kila jioni alikwenda kwenye uwanja wa shule, akapanda na kushuka ngazi za jukwaa la watazamaji mpaka fulana ikamganda mgongoni. Laiti angerudi nyumbani baada ya hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na isiyo na maana. Lakini nyuma ya goli la upande wa pili palikuwa na baa, na ndani ya baa alikuwapo Daktari.

Daktari alikuwa mpiga plasta wa kuta. Udaktari wake ulitokana na kwamba aliwahi kupaka rangi zahanati, na katika wiki zile alikuwa amesoma mabango yote ya ukutani kabla ya kuyabandua. Tangu hapo hakuna maradhi yaliyomshinda kueleza. Alianza kuja uwanjani kumsimamia rafiki yake, yaani kukaa juu ya tairi kuukuu na kupiga kelele, "Panda! Usitegee! Panda!" Mazoezi yakiisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushikwa na kiu.

"Nikuulize," alisema jioni ya kwanza, huku akisukuma chupa mbele ya mgonjwa wake. "Ukimwaga zege leo, kesho unafanya nini?"

"Namwagilia maji."

"Usipomwagilia?"

"Linapasuka."

"Haya. Misuli uliyoimwaga leo pale kwenye ngazi, unataka kuiacha na jua lote hili?"

Mafundi wengine waliokuwa mezani wakatikisa vichwa kwa heshima, kama watu waliosikia jambo ambalo siku zote walilijua ila walikosa wa kuwasemea. Pimamaji akataja maji ya dada wa hospitali. Daktari akamhurumia.

"Maji ni ya watu wa ofisini. Wewe umetoka jasho la fundi. Bia ina shayiri ndani yake, na shayiri ni nafaka. Kwa hiyo hapo unakula, unakunywa, na unamwagilia, vyote kwa mkupuo mmoja. Huyo binti anajua mambo ya vitabu. Amewahi kumwaga slabu yeye?"

Hakuwa amewahi. Hoja ikafungwa, chupa zikafunguliwa.

Desturi ikaanza hivyo, na ikapata jina. "Twende tukammwagilie Pimamaji," walisema mafundi wakitoka kazini, na waliosema hivyo walisema kwa upendo. Jambo hilo lisisahaulike. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walimpenda, walitaka arudi juu, na kila mmoja alitaka mkono wake uonekane katika kupona kwake. Alibebeshwa bia ya huyu, akaongezewa ya yule, na kukataa ya tatu baada ya kupokea ya pili kungekuwa kumdharau mtu.

Nyumbani Mama Pacha alimpokea kwa pua kabla ya kumpokea kwa macho.

"Umekunywa."

"Ni tiba, mke wangu. Ni sehemu ya mazoezi."

"Tiba gani hiyo inayokufanya uimbe?"

Akamweleza kanuni ya zege. Alimweleza vizuri, hata akachora slabu hewani kwa mikono. Mama Pacha, aliyekuwa anakunja nguo za watoto, aliendelea kukunja mpaka mwisho wa maelezo.

"Sasa zege likishamwagiliwa huwa linaachwa litulie, au siyo?" aliuliza. "Mbona wewe unageukageuka usiku kucha, unaamka kunywa maji kama umekula chumvi, na asubuhi huwezi hata kuinama? Leo ulipaswa kuchuchumaa kabla ya chai. Ulichuchumaa?"

"Misuli ilikuwa inauma."

"Kichwa ndicho kilichokuwa kinauma. Nilikuona umekishika."

Pimamaji akamwambia kwamba wanawake hawaelewi mambo ya ujenzi, akalala. Ndivyo tunavyofanya tukishindwa hoja na wake zetu.

Siku ya kurudi hospitali, dada wa mazoezi alizungusha futi ya kitambaa kwenye paja zima, kisha kwenye lile lililonyauka. Akapima tena. Akauliza kama mazoezi yanafanyika.

"Kwa udi na uvumba," alisema Pimamaji, na hapo hakusema uongo.

"Na bia?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kwa kipimo cha nani?"

Pimamaji akatazama dirishani. Dada akamwambia wazi kwamba paja lake liko palepale, kwamba anabomoa kila jioni na kujenga nusu, na kwamba akiendelea hivyo asitegemee kupanda popote na mzigo. Hakukasirika. Aliongea kama mtu anayemwambia mwingine mvua itanyesha, achukue mwavuli au aache.

Taarifa hii ilipofikishwa baani, Daktari alikunja uso, akafikiri kwa muda, kisha akatoa uamuzi wa kitaalamu. "Tatizo ni moja. Hatumwagilii ya kutosha."

Ungedhani hapo Pimamaji angesimama, ashike kofia yake, aondoke. Jicho lile lililokuwa likiona ukuta umeinama unywele mmoja lilishindwa kuona upotovu uliokaa mbele yake mezani. Akacheka, akanyoosha glasi. Ndani yake kuna kitu kilimwambia kwamba dada anasema kweli, akakizamisha, na jioni iliyofuata akakizamisha tena, maana ile saa ya baani ndiyo saa pekee ambayo hakuna aliyemtazama mguu. Kwenye ngazi alikuwa kilema anayehema. Mezani alikuwa Pimamaji.

Jengo likafika ghorofa ya kwanza. Mafundi waliacha kazi wakasimama kando, wengine wakipiga makofi kabla hajagusa ngazi. Karai lilijazwa zege nusu, kwa huruma ya msimamizi. Pimamaji alilitia begani, akapiga moyo konde, akaanza kupanda.

Vipago vya mwanzo vya ngazi alivipanda vizuri, na shangwe ikapanda naye. Kisha paja likaanza. Lilitetemeka kwanza kidogo, chini ya suruali, ambapo yeye tu alilijua. Halafu likatetemeka mbele za watu. Alijaribu kutanguliza mguu mzima, lakini ngazi haina mguu wa kupendelea, na kila baada ya kipago kimoja ilimrudisha kwenye mguu ule mwingine. Shangwe ikapungua. Goti likakataa kunyooka. Alisimama hapo kati, si juu wala si chini, jasho likimwingia kwenye jicho lake maarufu, mpaka msimamizi akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Mpokeeni karai."

Walimpokea karai, kisha wakampokea na yeye. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kona akapewa fundi kijana wa jengo la jirani. Pimamaji akaambiwa kesho aje achukue funguo za geti.

Jioni ile Daktari alimngojea nje ya uzio, ameshika kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani. "Pole sana, ndugu yangu. Twende. Leo zote juu yangu."

Pimamaji hakusogea. "Nijibu kwanza. Ulisema misuli inamwagiliwa."

"Nilisema."

"Ulikuwa unaamini?"

Daktari alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao usio na hila hata chembe. "Kwani wewe uliamini? Mimi nilidhani tunapiga soga. Nilidhani unajua, wote tunajua, tunataniana tu kidogo kabla ya kunywa."

Hapo Pimamaji alitamani kumpiga. Alitamani pia kucheka, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alimpa kisogo, akaenda zake akichechemea, na Daktari akabaki pale akiita, "Shemeji msalimie!".

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Mama Pacha alikuwa mlangoni anachambua mchele, na wale mapacha wanakimbizana nyuma ya nyumba. Aliinua uso, akavuta hewa kama kawaida yake. Kisha akaweka ungo chini taratibu.

"Hunuki," alisema.

"Sinuki."

"Umeshindwa kupanda."

Pimamaji alifungua mdomo aeleze habari za karai, za vipago vyembamba, za Daktari. Badala yake alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akalia. Alilia vibaya, bila mtindo, kama wanavyolia watu wasiozoea. Alisema alikuwa anaogopa. Alisema tangu ile siku ya ubao kila akitazama jukwaa anajiona yuko hewani, na kwamba kule baani hakuwa anaponya mguu wowote.

Mama Pacha hakumwambia "nilikuambia." Ilimfika hadi kwenye ulimi, akaimeza, na alistahili pongezi kwa hilo. Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha maji na mkeka. Aliutandika mkeka mbele yake.

"Lala hapa. Nyanyua mguu."

"Sasa hivi?" Pimamaji alipangusa pua kwa mkono. "Kona imeshapata mtu. Mguu wa nini tena?"

"Mguu huo ulikuwa wa kona, au ni wako?"

Akalala. Akanyanyua. Ulifika juu kidogo tu, ukaanza kutetemeka, akageuza uso kumtazama mkewe.

"Nianze kesho, basi. Leo nimechoka."

"Kesho utakuwa na sababu," alisema Mama Pacha, akamshika kisigino. "Nyanyua."