Mkanda wa Kidevuni

Pale uwanjani walikokodisha pikipiki za magurudumu manne walimwita Sheria, na jina lilimkaa. Kila asubuhi aliwapanga wageni mstari mmoja, akawafokea masharti: leseni mkononi, hakuna kupakiana, barabara ya lami ni marufuku, na aliye chini ya miaka kumi na sita akae nyumbani ale biskuti. Kisha aliwapitia mmoja mmoja, akiingiza vidole viwili chini ya kidevu na kuuvuta mkanda wa kofia mara mbili. Ukilegea, hutoki. Aliwahi kumteremsha hakimu mzima.

Siku hiyo mgeni wa nane alikuwa mama mkwe wake.

Alikuja bila taarifa, mama aliyeendesha basi la shule miaka ishirini, leseni yake imekunjwa mfukoni. "Mwanangu, leo nami nimo!"

Sheria akapatwa na kigugumizi. Tangu aoe, alimwamkia mama huyu kichwa kikiwa kimeinama. Leo amshike kidevu, tena mbele za watu? Akamkabidhi kofia kwa mikono miwili, macho pembeni.

"Umefunga, mama?"

"Nimefunga, baba."

Akapita kwa mgeni wa tisa.

Msafara uliondoka, mwenzake akiongoza. Sheria akabaki ofisini, na raha ikamtoka. Akakaa, akainuka. Akahesabu kofia zilizobaki rafuni, akazihesabu tena. Umefunga, mama? Swali gani hilo la kijinga! Kila mgeni husema amefunga, ndiyo maana yeye huvuta. Akamimina chai, akaisahau mezani. Akatoka hadi getini, akasikiliza milio ya injini kule kilimani, akarudi. Mkewe akapiga simu, Sheria akaiacha iite. Amwambie nini? Mwishowe akaiwasha pikipiki ya akiba na kuwafuata kwa mwendo ambao angemfukuzia mgeni yeyote.

Kwenye kona ya kokoto msafara ulikuwa umesimama. Pikipiki namba nane ilikuwa imelala ubavu. Kofia ilikuwa mtaroni, hatua kumi kutoka kwa mama mkwe, ambaye alikaa chini huku kiongozi wa msafara akimkandamizia kitambaa kwenye paji la uso. Damu ilishafika kwenye kola.

Sheria akashuka, akachuchumaa mbele yake. "Mama, nisamehe."

"Kofia imechomoka kabla sijafika chini," mama alisema, hasira zikizidi maumivu. "Wenzangu wote umewashika. Mimi umeniruka. Nina ubaya gani?"

"Niliona haya, mama."

"Haya? Ndivyo ungemwambia binti yangu? Mama yako amekufa, nilimwonea haya?"

Sheria, bingwa wa kufoka, akaenda kuiokota kofia mtaroni. Aliogopa mno, na aibu ilimchoma kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Gari la huduma ya kwanza lilipofika, alimshika mama mkono akampandisha. Alitaka kufunga mlango, mama akauzuia kwa mguu.

"Mkanda," alisema, akainua kiwiko.

Sheria akainama juu yake mbele za wageni wote, akaufunga mkanda wa kiti, akauvuta mara mbili. Ulikaza. Akauvuta tena mara ya tatu, na mama mkwe akamwacha avute mpaka atosheke.