Robo Inchi

Ulikuwepo. Usijitie hamnazo. Siku wavu ule ulipomwagiwa mafuta ya taa pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, ulikuwa umesimama karibu na banda la mizani, na jerikeni lilipofunguliwa uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Nawe ulivaa ndala. Haya, kaa usikie ulichokipa kisogo.

Wavu ulikuwa kazi ya mikono ya mwanamke mmoja, fundi nyavu, ambaye mwalo mzima ulimwita Dada Sindano. Alikaa chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mkaa na msumari mnene ukutani. Kwenye msumari huo alifunga ncha ya wavu, akavuta kigoda, na kwa miezi saba akapiga fundo juu ya fundo, sindano ya mti mkono wa kulia, kibao cha kipimo mkono wa kushoto. Kila tundu lilizungushwa kwenye kibao kile ili likivutwa litimie inchi tano. Sheria ilitaka tano ili perege wachanga wapenye wakakue, na Dada Sindano aliipenda sheria hiyo kuliko hata walioiandika. Yeye alilijua ziwa kabla halijakondeshwa.

Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Aliukumbuka mwaka ambao mdomo wa mto ulizibwa kwa seng'enge kwa sababu mkubwa fulani alitaka kufuga samaki wake humo. Kambale waliokuwa wanapanda mto kutaga walirundikana kwenye zile waya, matumbo yamejaa mayai, wakaoza siku tisa. Alimkumbuka na mwenyekiti wa mwalo aliyesema tulieni, tutakaa tulizungumze. Mpaka shati alilovaa analikumbuka. Mwenyekiti ni yule yule hadi leo, na hawajakaa.

Wavu aliusuka kwa ajili ya kaka yake. Huyo kaka alikuwa amevua kwenye boti za watu miaka ishirini, na mingi ya miaka hiyo kwa Bwana Barafu, mwenye nyumba ya barafu na boti kumi na moja. Huko walivuta kokoro, lile zoazoa la matundu madogo linalokumba mpaka samaki walioanguliwa juzi. Kaka alichoka kuvuta watoto wa samaki. Aliokota mtumbwi mbovu, akauziba, akawa amepungukiwa wavu tu. Akiupata, hatakanyaga tena boti ya mtu. Ndilo jambo pekee alilowahi kumwomba dada yake tangu wazike wazazi.

Sasa njoo kwenye kosa, maana kosa lilikuwepo na halifichwi hapa. Enzi za uzi wa pamba, marehemu baba yao hakuruhusu wavu mpya uguse maji kabla haujachemshwa na magome ya mti, uzi ukakomaa usioze. Dada Sindano aliyakuta hayo akiwa mtoto. Uzi wake yeye ulikuwa wa nailoni, na kaka alimwambia auache, nailoni haiozi. Dada akamcheka. Akamuuliza hayo kafundishwa na nani, muuza duka? Akatafuta pipa, akajaza magome, akauchemsha wavu tangu asubuhi hadi jua la utosi. Ulitoka na rangi ya kahawia, unanukia kama mikono ya baba. Hakuupima tena. Aupime ya nini, na kila tundu lilipita kwenye kibao?

Nailoni ikichemka hujikunja. Kila tundu lilikuwa limepungua robo inchi.

Siku ya tatu ya kuvua, doria ikamkamata kaka. Afisa uvuvi alikuwa kijana mgeni, viatu vinang'aa, na haki yake apewe: alipima sawasawa. Mmoja alishika fundo la huku, mwingine akavuta la kule, kibao kikaingizwa. Nne na robo tatu. Akapima matundu kumi, yote vile vile.

Dada Sindano aliitwa, akaja na kibao chake. Akavuta tundu moja kwa mikono iliyolifunga. Alipoona kibao kimegoma kuingia, alijua papo hapo. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Mimi ndiye niliyeuchemsha," alisema. "Kaka alinikataza."

"Dada yangu, sheria inapima tundu," afisa akajibu kwa upole. "Haipimi pipa."

Mkacheka. Naam, nawe ulicheka.

Aliomba apewe autatue, uzi angalau upone. Afisa akasema kilichokamatwa huchomwa siku hiyo hiyo na kupigwa picha. Basi Dada Sindano akageuka, akanyoosha mkono kuelekea boti za Bwana Barafu, hatua ishirini tu kutoka pale. Makokoro yalikuwa yananing'inia ubavuni mchana kweupe, matundu hayapitishi kidole, na visamaki vya ukubwa wa kiberiti vimekaukia humo.

"Choma wa kwangu," alisema. "Ukimaliza, kibao hicho hicho ukilete kule."

Afisa aliangalia karatasi yake. "Zile hazimo kwenye orodha ya leo."

"Ziliwahi kuwemo lini?"

Karatasi ikakunjwa. Mwenyekiti akaingilia, akamsihi dada asichanganye mambo, hayo ya boti watakaa wayazungumze.

Lakini kuna tangazo limebandikwa kwenye banda la mizani, limepigwa muhuri, nawe umeegemea ukuta huo miaka yote. Linasema mvuvi au fundi yeyote anaweza kudai chombo kipimwe, mradi kipimo kishikwe na watu wawili wasio na kesi, na afisa akiandike. Dada Sindano alilijua kwa moyo. Akaenda kwenye boti ya kwanza, akashika fundo la kokoro, akauliza nani atamshikia la pili. Kaka akachomoka. Afisa akamrudisha: mwenye kesi hawi shahidi. Dada akaomba tena. Muuza chai akachungulia ndani ya chupa yake kama amedondosha kitu. Wapaa magamba wakainamia visu. Watu arobaini, waliolishwa na ziwa lile lile, na haukutoka mkono mmoja.

Wakauwasha wavu. Nailoni haiwaki kama kuni. Ilinywea, ikadondoka matone meusi, ikaganda mchangani vipande vipande kama kinyesi cha mbuzi. Miezi saba, na chai ya mtu haijapoa.

Jumatatu kaka akarudi kwa Bwana Barafu. Alipita chumbani kwa dada yake kuchukua koti la mvua, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Ungenisikia tu, dada," akasema, akaondoka.

Neno hilo lilimwingia mpaka kwenye mfupa, kwa kuwa ni kweli. Alikaa akiutazama ule msumari mtupu. Robo inchi ilikuwa yake, wala hakumtupia mtu. Lakini zile inchi nne zinazokosekana kwenye makokoro ni za nani? Nani alizichemsha hizo? Akafunga kibao kiunoni, akatoka.

Tangu hapo yuko pale kila siku. Anasimama kando ya boti ya kwanza, ameshika fundo la kokoro, na kaka yake mwenyewe, akiwa ndani ya boti hiyo, anatazama upande wa maji. Vibarua wamemtania mpaka utani umewaisha. Afisa akipita humwamkia, "Shikamoo, dada," naye huitika, kisha humwomba atoe kalamu. Kijana hujibu neno lile lile: alete mtu wa pili.

Boti zinatoka saa kumi. Huna kesi, una mikono miwili, na tangazo halijabanduliwa. Inuka sasa hivi. Nenda ukashike fundo la pili, uvute mpaka uzi ukaze, umtajie afisa jina lako kwa sauti, na usiondoke pale mpaka aandike.